Rahisi ya Leo, Ghali ya Kesho

Kila msimu wa mazao unapokwisha, na mkulima wa korosho, wa pamba au wa mahindi akiisha kupokea fedha zake, soko moja huchangamka katika miji yetu mikubwa na midogo bila ya kupigiwa tarumbeta. Soko hilo ni la pikipiki zilizokwisha kutumika, ambazo wengi huziita pikipiki za mkononi. Halina jengo wala mizani. Hufanyika chini ya mwembe, kando ya gereji, mbele ya kituo cha mafuta, na siku hizi hata katika simu, ambako picha ya chombo kilichooshwa na kung'arishwa hutangulia mbele ya chombo chenyewe. Mnunuzi huja na fedha alizozipata kwa jasho la mwaka mzima. Muuzaji huja na maneno. Katika saa moja mambo yamekwisha, na fedha zimebadili mfuko.

Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la mtu na mfuko wake, na kwamba ukurasa wa maoni ya gazeti una mambo makubwa zaidi ya kuyasema. Sisi hatukubaliani nao. Fedha zinazopotea katika soko hili si za tajiri awezaye kununua tena kesho. Ni za kabwela aliyeuza ng'ombe wawili, za kijana aliyeweka akiba miaka mitatu, za mama aliyekopa katika kikundi. Apotezaye namna hiyo hupoteza mtaji wake wote, na mara nyingi hubaki na deni juu. Hasara yenye kuwapata watu wengi, tena wanyonge, na kuwapata kila mwaka kwa njia ile ile, imekwisha kuwa jambo la nchi.

Yafaa tukumbushane jinsi tulivyofika hapa. Katika miaka ya 1970 na 1980, pikipiki vijijini ilikuwa chombo cha bwana shamba, cha mganga au cha padri. Mwananchi wa kawaida alikuwa na baiskeli, na kama hakuwa nayo, alikuwa na miguu yake. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Baadaye baiskeli ikaipisha pikipiki. Na pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipomiminika baada ya mwaka 2000, kazi hiyo ikaenea Afrika Mashariki nzima. Mwaka 2010 Tanzania ilitunga kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria kwa malipo, na hivyo ikakiri kwamba magurudumu mawili ni usafiri wa umma kama basi lilivyo.

Leo mama mjamzito hufikishwa zahanati kwa pikipiki. Mbegu na mbolea huingia shambani kwa pikipiki. Maziwa, samaki na nyanya hutoka kwa pikipiki. Tena lipo jambo la fedha za umma. Sheria yazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwezi Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Vijana wengi waombapo mkopo wa namna hii, jambo la kwanza walilo nalo moyoni ni pikipiki. Kwa hiyo chombo kibovu kikinunuliwa, asiyelipa deni ni kijana, lakini aliyepunjwa ni kila mlipa ushuru wa halmashauri ile.

BEI SI GHARAMA

Neno letu kwa wananchi ni moja, nalo ni hili: bei ya pikipiki si gharama ya pikipiki. Bei hulipwa siku moja. Gharama hulipwa kila siku, kwenye kituo cha mafuta, kwenye duka la spea, kwa fundi, na pengine mbele ya askari. Mwenye fedha kidogo asitafute pikipiki yenye bei ndogo kupita zote. Atafute ile ambayo, mwaka mmoja ukiisha, jumla ya yote aliyoyatoa itakuwa ndogo kupita zote.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pikipiki mbili za aina moja zauzwa katika mji mmoja, ya kwanza kwa shilingi 900,000 na ya pili kwa shilingi 1,300,000. Mnunuzi aona tofauti ya 400,000, na moyo wake waelekea ile ya kwanza. Lakini injini ya ile ya kwanza inakula oili. Baada ya wiki sita hapana budi ifunguliwe, silinda ichongwe, pistoni na ringi zibadilishwe, na fundi alipwe. Tuseme yote ni 250,000. Cheni na sproketi zimekwisha, 45,000. Matairi mawili yamebaki upara, 110,000. Siku kumi chombo kimelala gereji, na kama mwenyewe hupata faida ya 10,000 kwa siku, amepoteza 100,000 nyingine. Jumlisha. Ile ya 900,000 imekuwa ya 1,405,000, ilhali ile ya 1,300,000 ipo barabarani yafanya kazi. Tarakimu hizi ni za mfano tu, na kila mji una bei zake. Lakini mwendo wa hesabu ni huo huo, Lindi na Shinyanga, Tukuyu na Tanga.

Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba mnunuzi asipeleke sokoni fedha zake zote. Atenge sehemu moja ya tano kabla hajatoka nyumbani. Mwenye 1,200,000 ajihesabu kwamba ana 960,000 za kununulia. Zile 240,000 zilizobaki ni za kubadilisha jina katika kadi, za bima, za oili mpya, plagi na kebo, na za kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria. Asiyetenga fungu hilo hulitoa vilevile, lakini hulitoa kwa mkopo, tena kwa haraka.

UMRI WA CHOMBO

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza pikipiki ni ya mwaka gani. Swali hilo si baya, ila halitoshi. Umri wa pikipiki huhesabiwa kwa kazi iliyoifanya. Mwalimu aendaye shuleni na kurudi, kilomita 20 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, huwa amekwenda kilomita 50,000 baada ya miaka kumi. Bodaboda aendaye kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, hufikisha zaidi ya kilomita 62,000 kwa miaka miwili tu. Tena nyingi kati ya hizo amezikwenda na abiria wawili mgongoni, au na magunia. Kwa hiyo pikipiki ya miaka miwili yaweza kuwa mzee, na ya miaka kumi ikawa bado kijana.

Muuzaji huijua siri hii, na kwa hiyo huionyesha mita. Mita ni shahidi wa kusikilizwa kwa tahadhari, maana waya wake hukatika au hukatwa, na wengine hubadilisha mita nzima. Wako mashahidi wengine wasioweza kufundishwa uongo upesi. Tazama mpira wa kanyagio la gia, mpira wa kiki, mahali pa kuwekea miguu ya abiria, na mashikio ya usukani. Mita ikisema kilomita 9,000 na mpira wa gia umelika hadi chuma kikaonekana, mmoja kati yao anasema uongo, wala si mpira. Mpira mpya kabisa juu ya chombo kikuukuu nao wastahili kuulizwa umebadilishwa lini na kwa nini.

INJINI NDOGO, SPEA KARIBU

Katika kuchagua aina, vijana wetu huvutwa na ukubwa na ngurumo. Hapa ndipo hesabu ya petroli iwapasayo kuifanya kabla ya kununua. Pikipiki yenye injini ya sentimita za ujazo 100 au 125, ikitunzwa na kuendeshwa kwa utulivu, haishindwi kwenda kilomita 50 kwa lita moja. Kubwa ya 200 au 250 mara nyingi huridhika na kilomita 30 hivi. Mtu aendaye kilomita 1,000 kwa mwezi atahitaji lita 20 kwa ile ndogo, na lita 33 kwa ile kubwa. Katika miaka ya 2022 na 2023 bei ya petroli nchini ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Kwa bei ya 3,000 tofauti hiyo ni kama shilingi 40,000 kila mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Hiyo ni nusu ya bei ya pikipiki ya mkononi, imetoka katika bomba la moshi.

Tusieleweke vibaya. Mwenye kupanda milima ya Uluguru au ya Upare akiwa na mzigo kila siku, injini ya 100 itamchosha naye ataichosha. 125 au 150 itamfaa zaidi. Chombo na kipimwe kwa kazi yake. Lakini kwa mfanyakazi wa mjini, kwa mwalimu, kwa mwuza maziwa wa tambarare, kila sentimita inayozidi mahitaji ni kodi aliyojitoza mwenyewe.

Jambo la pili katika aina ni spea. Hatumpigii debe mtengenezaji yeyote. Twasema tu yale ambayo kila fundi anayajua. Boxer za kampuni ya Bajaj na zile za TVS, zote za India, pamoja na aina kadhaa za Kichina, zimeenea mno kiasi kwamba kebo, ringi na cheni zake huuzwa hata katika maduka ya vijijini. Wengi pia huzicheka injini za Kichina bila ya kujua asili yake. Nyingi kati yake zafuata umbo la Honda CG125, pikipiki iliyotolewa mwaka 1976 na kampuni ya Honda ya Japani kwa makusudi ya nchi kama zetu. Wahandisi wake walikuwa wameona kwamba vyombo vyao vilitumiwa mno na kutunzwa kidogo. Wakaondoa ile cheni ya ndani iendeshayo vali, wakaweka fimbo za chuma zenye kustahimili, ili injini iweze kuvumilia mtumiaji asiye na vifaa. Mfano wa asili ulikuwa mzuri. Tatizo la nakala ni chuma chake, ambacho hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Na hilo fundi mzoefu wa mji wako ndiye ajuaye lipi limedumu.

Wako pia wanaonunua katika minada pikipiki kubwa za kwenda porini, zilizotumiwa na miradi na mashirika. Yamaha DT125, kwa mfano, ilikuwa chombo madhubuti katika vijiji vyetu. Lakini ilitumikia idara na miradi yenye fungu la matengenezo, tena injini yake ni ya mipigo miwili, iunguzayo oili pamoja na petroli. Mtu mmoja asiye na fungu hilo akiinunua kwa bei ya mnada, aweza kukaa miezi miwili akitafuta kifaa kimoja.

Kipimo chepesi ni hiki. Kabla hujaenda kuitazama pikipiki, nenda kwanza kwenye duka la spea la mji unaoishi. Uliza bei ya vitu vitano vya aina hiyo: kebo ya klachi, plagi, cheni na sproketi zake, breki za nyuma, na pistoni pamoja na ringi zake. Vikiwapo vyote, waweza kuendelea. Ukiambiwa viwili vyaagizwa Dar es Salaam, jua kwamba pikipiki hiyo italala Dar es Salaam nawe utalala kwako.

MACHO NA MASIKIO

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka pikipiki sharti ainame kweli kweli. Uchunguzi wa nusu saa humwokoa mtu na hasara ya mwaka. Na ufanywe mchana, chombo kikiwa kikavu, na fundi wako mwenyewe awepo. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni wakili wa muuzaji.

Injini na iwashwe ikiwa baridi. Iguse kwanza kwa mkono. Ukiikuta ya moto, muuzaji amekwisha kuipasha, na yapasa ujiulize kwa nini. Piga kiki polepole bila ya kuwasha: mguu ukishuka bila kukutana na upinzani, ringi na silinda zimelika, au vali hazifungi. Ikiisha kuwaka, tazama moshi. Wa bluu wasema kwamba oili inaungua, nayo ni kazi ya kufungua injini. Mweusi wasema kwamba petroli ni nyingi kupita hewa. Huenda ni kabureta au chujio la hewa, na hayo ni matengenezo ya fedha kidogo. Mweupe mwepesi wa asubuhi wenye kutoweka upesi ni mvuke tu. Fungua kifuniko cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani.

Kisha itazamwe mifupa yake. Simama nyuma, uangalie kama magurudumu mawili yako katika mstari mmoja. Pitisha kidole shingoni mwa fremu, pale usukani unapoingia, utafute alama za kuchomelea. Pikipiki iliyovunjika shingo ikaungwa haifai kubeba binadamu, hata ikiuzwa kwa nusu ya bei. Ivute cheni nyuma ya sproketi kubwa: ikiinuka hadi meno yakaonekana, imekwisha. Tikisa gurudumu la nyuma kulia na kushoto, usikilize kama linagonga. Gonga spoki moja moja. Iliyolegea hutoa sauti ya udongo. Baada ya hayo iendeshe, upande mlima nayo ukiwa na mtu nyuma. Ikinguruma bila ya kuongeza mwendo, klachi imekwisha. Gia ikiruka yenyewe, ugonjwa uko ndani, na hapo ni heri kumshukuru muuzaji na kwenda zako.

Kuhusu breki, taa na matairi hatuna mjadala. Chombo kinaweza kuwa kikuukuu na kibaya wa sura, rangi imebabuka na kiti kimechanika, kikawa bado ni ununuzi mzuri; tena sura mbaya humpa mnunuzi nguvu ya kuteremsha bei. Lakini kisichosimama kinapotakiwa kusimama, gharama yake hulipwa hospitali. Fedha za breki na tairi zitoke kabla ya fedha za rangi na mapambo.

KADI

Tumefika mahali ambapo wengi huangamia, hata wale waliochunguza injini vizuri. Chombo kizuri chenye karatasi mbovu ni hasara tupu. Katika nchi yetu Mamlaka ya Mapato Tanzania ndiyo yenye daftari la vyombo vya moto, na ndiyo ibadilishayo jina la mmiliki. Kinachohesabiwa ni kadi halisi na jina lililomo katika daftari lile. Nakala ya kadi ni picha tu.

Pikipiki moja huweza kupita mikononi mwa watu watatu au wanne huku kadi ikisoma jina la yule wa kwanza. Kila mmoja alikwepa ada ya kubadilisha, akamwachia mwenzake. Matokeo yake ni kwamba mmiliki wa kweli hana haki yoyote aliyoandikiwa. Chombo kikiibwa, hawezi kuthibitisha kwamba kilikuwa chake. Kikisababisha ajali, anayetafutwa ni mtu aliyekiuza zamani. Na yule wa kwanza akifariki, warithi wake waweza kuja kukidai.

Iko hatari kubwa zaidi. Pikipiki nyingi siku hizi hutolewa kwa mkopo au kwa mkataba, na mpaka deni liishe kadi hukaa mikononi mwa mkopeshaji. Kijana aliyeshindwa kulipa huiuza kwa siri, kwa bei ya kutupa, akisema kwamba kadi iko nyumbani kwa mjomba wake. Mnunuzi asiyejua hufurahia bahati yake kwa mwezi mmoja. Mwenye mali akija na askari, mnunuzi hupoteza pikipiki na fedha pamoja, na akishindwa kueleza alivyoipata aweza kujikuta anajibu shtaka la kupokea mali ya wizi. Bei iliyo chini mno kuliko soko ni habari. Yafaa isomwe kama habari.

Kinga yake haina ugumu. Namba ya chasisi imegongwa shingoni mwa fremu, na namba ya injini ubavuni mwa injini. Zote mbili zisomwe kwa macho na kulinganishwa na kadi, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na namba ya usajili ianzayo na herufi MC. Penye alama ya tupa au ya kugongwa upya, biashara na ikomee hapo. Aliyeandikwa katika kadi aje mwenyewe na kitambulisho chake. Mkataba wa mauziano uandikwe na kutiwa sahihi mbele ya wakili na mashahidi. Fedha zipite benki au katika simu, ili alama ya malipo ibaki. Na jina libadilishwe wiki ile ile, kabla muuzaji hajahama mji wala hajabadili moyo. Atakayebeba abiria kwa malipo aongeze bima na leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

JE, MKATABA?

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa soko la mkononi lina miiba kiasi hiki, si afadhali kijana achukue pikipiki mpya kwa mkataba, alete hesabu kila siku hadi iwe yake? Swali hili lastahili kujibiwa kwa haki. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Jumla yake ni shilingi 3,120,000. Ikiwa mwenye chombo alikinunua kwa 2,500,000, kijana amelipa 620,000 zaidi, na mwisho wa mwaka akabidhiwa chombo kilichokwisha kwenda zaidi ya kilomita 31,000. Hiyo ndiyo bei ya kutokuwa na mtaji.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba mkataba ni mbaya kwa kila mtu. Asiye na akiba kabisa, mkataba ulioandikwa vizuri humpa kazi na chombo kipya asichokuwa na shaka nacho. Mwenye milioni moja mkononi, akichagua kwa makini pikipiki ya mkononi, aweza kujiokolea miezi mingi ya kumfanyia mwingine kazi. Hukumu iko katika yale maneno: kwa makini. Akinunua kwa pupa, atakula mtaji wake, kisha atarudi kuomba mkataba ule ule alioukimbia.

WAJIBU WA WENYE MADARAKA

Hatuwezi kuwatupia wananchi mzigo wote. Ng'ombe mnadani hutazamwa na bwana mifugo, na nyama buchani hugongwa muhuri. Pikipiki ya mkononi, ambayo huweza kuua watu wawili kwa breki moja, hupita kutoka mkono hadi mkono mara nyingi bila ya jicho la mtaalamu. Twaona yako mambo manne yawezayo kufanyika bila ya kungoja fedha za kigeni.

Kwanza, vyuo vya VETA, vilivyo na walimu na vifaa, vifungue mlango siku moja kwa wiki kwa ajili ya kukagua pikipiki zinazouzwa, kwa ada ndogo, na kutoa karatasi ya hali ya chombo. Wanafunzi wapate mazoezi, mnunuzi apate ukweli. Pili, huduma ya kubadilisha jina la kadi isogezwe karibu na vijiji, hasa katika miezi ya mauzo ya mazao, kwa maana mtu huikwepa kazi impotezeayo siku mbili na nauli. Tatu, halmashauri inapokikopesha kikundi fedha za pikipiki, mkopo uwe na fungu la bima na la matengenezo, na fedha za ununuzi zisitoke mpaka namba za chombo zimelinganishwa na daftari. Nne, vyama vya bodaboda katika kila kijiwe viandike namba za chasisi za wanachama wao. Chombo cha wizi kitakosa mahali pa kuegeshwa.

Wauzaji na madalali nao tuwaambie neno. Biashara ya mkononi si haramu. Ina faida kwa taifa, maana kila chombo kinachotengenezwa na kutumika tena ni fedha za kigeni zilizobaki nchini. Lakini amfichaye mnunuzi shingo iliyovunjika hafanyi biashara. Anauza ajali.

Kijana mwenye fedha kidogo ana jambo moja ambalo tajiri hana haja nalo: hawezi kukosea mara mbili. Basi na achukue wiki mbili badala ya saa moja. Aende kwanza dukani kwa spea, kisha kwa fundi, kisha kwenye daftari la kadi, na kwa muuzaji aende mwisho. Akikuta pikipiki ndogo, ya aina iliyoenea, yenye fremu nzima, injini isiyotoa moshi wa bluu na kadi yenye jina la mtu aliyesimama mbele yake, ainunue hata ikiwa na sura ya kizee. Atakayemcheka leo kwa rangi iliyobabuka, atamwomba amsukume mwaka ujao.